Mwaka 525: Kaleb Alivuka Bahari ya Shamu kwa Ajili ya Nani?

Mwaka 525 mfalme Kaleb wa Aksum, dola ya Kikristo ya Uhabeshi, alikusanya merikebu katika bandari ya Adulis, kwenye pwani ambayo leo ni ya Eritrea, akavuka Bahari ya Shamu na kuiangusha serikali ya Himyar katika nchi ya Yemen. Mfalme wa Himyar wakati huo alikuwa Yusuf As'ar Yath'ar, mfuasi wa dini ya Kiyahudi, ambaye Waarabu wanamkumbuka zaidi kwa jina la Dhu Nuwas. Alipoteza kiti, akapoteza na roho. Makanisa ya Mashariki yalimwingiza Kaleb katika orodha ya watakatifu kwa kuwa, yanavyosema, alikwenda kulipa damu ya Wakristo wa mji wa Najran waliochinjwa na Dhu Nuwas mwishoni mwa 523. Wapo wanahistoria wasiokubali maelezo hayo. Kwao vita vile vilikuwa vya ubani, hariri na njia ya bahari, na Najran ilikuwa kisingizio tu.

Mjadala huu haukubaki vitabuni. Mkristo anaitaja Najran kama ushahidi wa mateso ya watu wake. Myahudi anawataja Wayahudi wa Himyar waliouawa baada ya Kaleb kushinda. Mwislamu anazijua sura mbili za Qurani ambazo wafasiri wamezihusisha na watu wa habari hii. Mhabeshi naye anajivunia dola ya Kiafrika iliyovuka bahari na kumtawaza mfalme Arabuni. Kila mmoja ana sababu ya kuishika sehemu yake, lakini anayeishika sehemu moja na kuziacha nyingine anawadhulumu waliokufa upande wa pili, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Tuanze na mwaka wenyewe, maana karibu hakuna aliyeujua kwa namba hiyo. Mjini Roma mtawa mmoja kutoka Scythia, Dionysius Exiguus, alikuwa akitengeneza jedwali la tarehe za Pasaka. Majedwali ya Aleksandria aliyoyafuata yalihesabu miaka tangu kutawala kwa Diocletian, kaisari aliyewatesa Wakristo, na kwa hesabu hiyo ulikuwa mwaka wa 241. Dionysius akasema hataki kuendeleza kumbukumbu ya mtesaji, akaanza kuhesabu tangu kuzaliwa Kristo. Huko Himyar mwaka huohuo ulikuwa wa 635 kwa hesabu yao wenyewe. Watu wa serikali ya Roma waliutaja kwa majina ya makonsuli wawili, Probus na Philoxenus. Hesabu tunayoitumia leo kupanga tarehe za mkutano wa kijiji na za mtihani wa taifa ilizaliwa mwaka uleule ambao Kaleb alivuka bahari, na ilizaliwa kwa sababu ya kumbukumbu ya mateso ya kidini. Hilo peke yake linaonyesha hewa ya zama zile.

Kila ulikogeuka, imani za raia zilikuwa zimefungamana na mipaka ya wafalme. Italia ilikuwa chini ya Theodoric, Mgothi wa madhehebu ya Ario, yaani wale waliokataa kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba, aliyeanza kuwaogopa Wakatoliki wa kwake. Mwanafalsafa Boethius alikuwa ameshauawa au yuko mbioni kuuawa kwa shutuma za uhaini, na Papa Yohane wa Kwanza akalazimishwa kusafiri hadi Konstantinopoli kuwaombea Waario kwa kaisari Justin, mtawala wa Roma ya Mashariki. Safari hiyo ilimchosha, na aliporudi akawekwa kizuizini Ravenna, akafia huko Mei 526. Afrika Kaskazini mambo yalikuwa kinyume: mfalme wa Wavandali, Hilderic, aliwaondolea Wakatoliki mateso, na Februari 525 maaskofu wao wakakutana Carthage bila hofu. Upande wa Uajemi, mfalme Kavad alijaribu kuwalazimisha watu wa Iberia, yaani Georgia ya leo, kufuata desturi za dini ya Zoroaster, nao wakakimbilia kwa Warumi. Huko China, mbali na ugomvi wote huu, malkia mama Hu wa dola ya Wei ya Kaskazini alirudi madarakani mwaka huohuo huku maasi ya ngome za mpakani yakiitafuna dola yake.

Kutokana na hayo wengine husema kwamba watu wa zama zile hawakutenganisha dini na siasa, kwa hiyo swali la kama Kaleb alipigania imani au maslahi halina maana. Mimi sikubali. Walijua kutenganisha pale walipotaka, na mfano mzuri ni Justin mwenyewe. Baada ya kupanda kiti mwaka 518 aliufuata mtaguso wa Kalkedonia wa 451, uliofundisha kwamba Kristo ana asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, na kuwafukuza maaskofu walioupinga. Mmoja wao, Severus wa Antiokia, alikimbilia Misri mwaka huohuo. Sasa Wakristo wengi wa Najran walikuwa wa upande ule ule wa wapinzani wa Kalkedonia, na Kaleb pia. Kaisari aliyekuwa akiwafukuza watu hao kwake alikuwa tayari kuwasaidia ng'ambo ya bahari. Huyo alikuwa anapiga hesabu, na mtu anayepiga hesabu anaweza kuulizwa alikuwa anahesabu nini.

Himyar ilikuwa nini hasa? Ilikuwa dola ya nyanda za juu za Yemen, mji mkuu wake Zafar, iliyomeza falme za zamani za Saba na Hadramaut na kushika mashamba yenye mabwawa pamoja na njia za ubani na manemane. Karibu mwaka 380 wafalme wake waliiacha miungu ya jadi wakamwabudu Mungu mmoja, katika sura iliyokaribiana sana na Uyahudi. Ulikuwa pia uamuzi wa kisiasa wenye busara, kwa maana Roma ilikuwa ya Kikristo, Aksum ya Kikristo, Uajemi ya Zoroaster, na Himyar ikapata njia ya kuamini Mungu mmoja bila kuwa mtumwa wa yeyote kati yao. Ukristo uliingia hata hivyo, hasa Najran, mji wa njia ya misafara kaskazini, na kwenye pwani ya Tihama inayotazamana na Afrika.

Jambo ambalo watetezi wa utakatifu wa Kaleb hulipita haraka ni kwamba vita vya 525 havikuwa vya kwanza. Karibu mwaka 518, kabla damu ya Najran haijamwagika, Kaleb alishatuma jeshi Himyar. Maandishi yake mwenyewe, yaliyochongwa kwenye jiwe huko Aksum, yanataja jeshi hilo na kanisa alilolijenga ng'ambo. Baada ya hapo alikaa kitini Zafar mfalme aliyeelewana naye, Ma'dikarib Ya'fur, na askari wa Kihabeshi wakabaki mjini. Mwaka 521 Ma'dikarib aliongoza jeshi hadi kaskazini mwa Arabuni kupambana na al-Mundhir, mfalme wa Hira, mji wa Waarabu katika Iraq ya leo, na mshirika wa Uajemi. Kwa hiyo Himyar ilikuwa imeshaingizwa katika safu ya Roma dhidi ya Uajemi, na walinzi wa mpango huo walikuwa askari wa kigeni katikati ya mji mkuu.

Yusuf alipotwaa madaraka karibu mwaka 522 alianza na askari hao. Aliwaua Wahabeshi wa Zafar na kulichoma kanisa lao, kisha akashuka pwani, akapiga Mukha na vijiji vya Tihama vilivyokuwa na Wakristo, na kuimarisha mlango wa bahari wa Bab-el-Mandeb. Haya hatuyajui kwa midomo ya maadui zake. Yameandikwa na jemadari wake, Sharahil Yaqbul wa ukoo wa Dhu Yaz'an, kwenye miamba ya Hima kaskazini ya Najran, katika kiangazi cha 523 alipokuwa amewekwa kuuzingira mji huo. Miamba hiyo iko Saudi Arabia, na mwaka 2021 eneo hilo liliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Sharahil anahesabu kwa fahari waliouawa 12,500 au zaidi, mateka 11,000, na ngamia, ng'ombe na kondoo 290,000. Namba zinatofautiana kidogo kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, na majemadari wa kila zama huongeza chumvi. Lakini mtu anayechonga hesabu ya maiti jiweni ili Mungu na wapita njia waisome hawezi kusemwa kwamba amesingiziwa na Wakristo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodai kwamba mauaji ya Najran ni hadithi ya kutunga. Mji ulijisalimisha baada ya kuahidiwa usalama, na ahadi ikavunjwa. Mzee wa mji, al-Harith ibn Ka'b, aliuawa pamoja na watu wake. Kanisa lilichomwa. Waliopewa nafasi ya kumkana Kristo na wakakataa waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo. Habari ilimfikia Simeon, askofu wa Beth Arsham, mapema mwaka 524 alipokuwa Ramla, jangwani kusini-mashariki ya Hira, pamoja na ujumbe wa Roma uliokwenda kuzungumza na al-Mundhir. Huko ulisomwa waraka wa Yusuf mwenyewe, akijisifu kwa aliyoyafanya na kumhimiza al-Mundhir awafanyie Wakristo wake vivyo hivyo. Simeon aliandika barua iliyozunguka Mashariki yote. Wafasiri wengi wa Qurani wamewaona watu hao wa Najran katika Surat al-Buruj, pale palipotajwa watu wa mahandaki ya moto na waumini walioteswa kwa sababu tu walimwamini Mungu. Wengine hawakubaliani na tafsiri hiyo. Hata hivyo, Waislamu wengi walioikubali walisimama upande wa Wakristo waliouawa, na jambo hilo ningependa lisemwe mara nyingi zaidi katika mabishano ya leo.

Barua ya Simeon ina sehemu nyingine ambayo wanaowasifu mashahidi hawapendi kuisoma kwa sauti. Anaomba wakubwa wa Kiyahudi wa Tiberia washikwe na kulazimishwa kumwandikia mfalme wa Himyar aache mateso. Wayahudi wa Palestina, ambao hawakuwa na neno na Najran, wageuzwe dhamana. Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Malalas, mwandishi wa Antiokia, anasimulia kwamba mfalme wa Himyar aliwaua wafanyabiashara Warumi akisema ni malipo kwa Wayahudi wanaoteswa katika nchi za Roma, na biashara ikakatika. Mfalme mmoja anawaadhibu wafanyabiashara kwa makosa ya kaisari wao wa mbali, na askofu anataka kaisari awaadhibu raia wake kwa makosa ya mfalme wa mbali.

Yusuf ana watetezi, na sehemu ya hoja yao ni nzito. Nchi yake ilikuwa na askari wa kigeni katika mji mkuu. Aliyemtangulia aliwekwa kwa nguvu za kigeni. Wakristo wa pwani na wa Najran walikuwa, kwa macho ya mtu wa Zafar, mkono wa Aksum na wa Roma ndani ya nyumba yake. Katika Yemen ya leo, nchi iliyochoka kwa majeshi ya watu wengine, si ajabu kumpata anayemwona kama mzalendo. Vita yake na ngome ya Zafar naikubali kuwa ni vita ya mtawala na askari waliokuja kumtawala. Lakini watoto wa Najran hawakuwa ngome. Mji uliopewa kiapo cha usalama ukachinjwa baada ya kuweka silaha chini hauwezi kuingizwa katika hesabu ya ukombozi. Uzalendo wa Yusuf uliishia hapo.

Sasa tumgeukie Kaleb na hoja ya biashara. Adulis ilikuwa bandari ya meno ya tembo, pembe za kifaru, kasa, ubani na dhahabu. Aksum ilipiga sarafu zake yenyewe za dhahabu tangu karne ya 3, na hizo zilipita mikononi mwa Warumi na Wahindi. Mfanyabiashara mmoja wa Aleksandria, ambaye baadaye aliitwa Cosmas Indicopleustes, alikuwa Adulis wakati Kaleb anajiandaa kwa vita. Ameacha maelezo ya misafara iliyokwenda nchi ya Sasu kubadilisha chumvi, chuma na nyama ya ng'ombe kwa dhahabu bila pande mbili kuzungumza. Mtu aliyeshika Adulis na pia Mukha aliushika mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu pande zote mbili. Tumeona tangu mwisho wa mwaka 2023, Wahouthi walipoanza kuzishambulia meli pale Bab-el-Mandeb, jinsi mlango ule mwembamba unavyoweza kuzigeuza meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki ina uzi wake hapa. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unasema kwamba mji wa Rhapta katika pwani ya Azania ulikuwa chini ya mkuu wa Mafariti wa kusini mwa Yemen, na kwamba watu wa Muza, jirani na Mukha ya baadaye, walikusanya ushuru huko na kutuma manahodha Waarabu waliooa wenyeji na kuijua lugha yao. Karne nne na nusu zilikuwa zimepita hadi Kaleb, na sisemi kwamba yeye aliiwaza Rhapta. Nasema tu kwamba ukanda ule wa pwani ya Yemen ulikuwa lango la bahari zetu zamani sana kabla ya vita hivi, na hakuna mtawala wa Aksum ambaye hakujua thamani yake.

Ushahidi mzito zaidi wa maslahi ni orodha ya merikebu. Simulizi ya kifo cha al-Harith, iliyoandikwa na Wakristo wenyewe, inasema kwamba kaisari Justin alimhimiza Kaleb aende, na inataja merikebu zilizokusanyika: 20 kutoka Clysma, 15 kutoka Aila, 7 kutoka kisiwa cha Iotabe, 2 kutoka Berenice, 7 kutoka visiwa vya Farasan na 9 zinazotajwa kuwa za India. Kaleb akaongeza 10 za kwake. Clysma, Aila, Iotabe na Berenice ni bandari zilizokuwa chini ya Roma. Ni merikebu 44 kati ya 70. Na tusidhani zilikuwa manowari. Procopius, mwanahistoria wa karne ile, anaeleza kwamba vyombo vya bahari hiyo havikupigwa misumari bali vilishonwa kwa kamba, kama mtepe wa Lamu. Ni vyombo vya mizigo, kutoka bandari za mizigo, na wenye bandari hizo ni watu waliokuwa wamepoteza wafanyabiashara wao Himyar.

Ukiishia hapo utasema kesi imekwisha, biashara imeshinda. Ila mtu mwenye haki atauliza pia vita vile vilizaa nini, kwa sababu mtu aendaye vitani kwa ajili ya soko hutazamiwa kurudi na soko.

Baada ya ushindi Kaleb alimweka kitini Mkristo wa Himyar, Sumyafa' Ashwa', aliyekubali kulipa kodi kila mwaka. Maandishi ya Sumyafa' yanakiri utii wake kwa Aksum. Kisha Kaleb akarudi kwao. Askari wengi wa Kihabeshi hawakutaka kurudi, ardhi ya Yemen iliwapendeza. Karibu mwaka 531, Justinian, aliyemrithi Justin, alimtuma balozi Julianus kwa Kaleb na kwa Sumyafa' akiwataka wanunue hariri India na kuwauzia Warumi, ili fedha za Roma zisiende kwa adui Mwajemi, na akiwataka Wahimyar wawashambulie Waajemi. Wote wawili waliahidi, na hakuna aliyetimiza. Procopius anaeleza sababu: wafanyabiashara Waajemi walikuwa karibu na India, walikuwa wa kwanza kufika katika bandari zinakotia nanga merikebu za Kihindi, na walinunua shehena nzima. Kushika Mukha hakukumpa Kaleb hariri hata robota moja ambayo Mwajemi hakutaka kuiacha.

Na Himyar yenyewe ilimponyoka. Askari waliobaki waliasi pamoja na watu wa tabaka la chini, wakamfunga Sumyafa' na kumtawaza Abraha, Mkristo ambaye Procopius anasema alikuwa zamani mtumwa wa mfanyabiashara Mrumi wa Adulis. Kaleb alituma jeshi, na jeshi hilo likamuua kamanda wake na kujiunga na Abraha. Akatuma la pili, likapigwa. Ni mrithi wa Kaleb aliyekuja kukubali kupokea kodi kutoka kwa Abraha na kumwacha atawale. Abraha ndiye aliyelitengeneza bwawa la Marib lilipobomoka katika miaka ya 540, akapokea wajumbe wa Aksum, Roma na Uajemi kama mfalme kamili, na ndiye ambaye wafasiri wa Surat al-Fil wanamtaja kuwa mwenye tembo waliokwenda Makka. Miaka ya 570 Waajemi wakaiteka Yemen. Kama Kaleb alikwenda kununua njia ya bahari kwa damu ya askari wake, aliinunua kwa bei kubwa na kuishika kwa miaka michache tu.

Upande wa imani hesabu ni tofauti, na hapo ndipo mizani yangu inapoanza kuelemea mahali ambapo sikutegemea ilipoanza safari ya hoja hii. Makanisa yalijengwa upya Zafar na Najran. Wakristo waliobaki walitoka mafichoni. Kaleb, kwa mapokeo ya Kanisa lake, aliliacha taji, akalituma Yerusalemu na kumaliza maisha yake utawani. Sisisitizi habari ya taji, ni mapokeo ya watawa na yana harufu yao. Nasisitiza kwamba kitu kilichodumu kutokana na vita vya 525 si ushuru wala hariri, ni jumuiya ya Najran. Ilikuwa bado ipo zaidi ya miaka 100 baadaye, ujumbe wake ulipofika Madina kuzungumza na Mtume Muhammad na kupewa mkataba wa kubaki katika dini yake.

Lakini damu nyingine ilimwagika kuilipia jumuiya hiyo. Simulizi ya Kikristo ya Kisiria kuhusu Himyar haifichi kwamba jeshi la Aksum liliua watu wengi lilipoingia, na kwamba Wakristo wa Himyar wasiojua lugha ya Kihabeshi walijichanja msalaba mikononi ili askari wawatambue na kuwaacha. Mwokozi hakuweza kumtofautisha aliyekuja kumwokoa na aliyekuja kumuua mpaka aonyeshwe alama kwenye ngozi. Myahudi wa kijijini asiyekuwa na alama, aliyelima shamba lake wakati Yusuf anaizingira Najran, alikuwa na nini cha kuonyesha? Waandishi wa Kikristo waliohesabu mashahidi wao kwa majina, mpaka mwanamke na binti yake, hawakuwaandikia hawa hata jina moja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kaleb alikuwa na nia na Himyar tangu 518, na angetafuta njia ya kurudi hata kama Najran isingeguswa, kwa maana askari wake waliuawa Zafar na mfalme wake aliondolewa. Hoja ya maslahi inaeleza kwa nini vita vilikuwa njiani. Haielezi kwa nini vilifika. Kilichompa merikebu 44 za bandari za kaisari aliyekuwa akiwatesa watu wa madhehebu yake ni Najran, na barua za Simeon zilizomfanya kila askofu wa Mashariki, wa Kalkedonia na asiye wa Kalkedonia, aone haya kukaa kimya. Mauaji yale hayakuwa kisingizio, yalikuwa nguvu halisi iliyousukuma mpango wa zamani mpaka ng'ambo. Wanaomwita Kaleb mfanyabiashara aliyevaa msalaba wanawafuta waliokufa Najran kwa mara ya pili. Wanaomwita mtakatifu bila kuwataja Wayahudi waliokufa mwaka 525 wanafanya jambo lilelile kwa wengine, na kwa hao wa pili hakuna Simeon aliyeandika barua.